Spika za Jipu la Baba

Fundi: Haloo? Nani mwenzangu? Ngoja—ngoja nizime hii drili, sisikii kitu. [mashine inanyamaza] Haya, sema sasa.

Binti: Habari za asubuhi. Hapo ni kwa Mama Spika?

Fundi: Ndiye mimi. Njema tu. Redio, spika, honi, taa za ndani, chochote cha waya kwenye gari. Wewe una gari gani?

Binti: Sina gari. Nimepiga kwa ajili ya gari la mtu. Jipu la kijani, halina paa, lina—

Fundi: Lina mkwaruzo ubavuni kama ramani. La Mzee.

Binti: Ni baba yangu.

Fundi: Basi wewe ndiye Kasuku.

Binti: Nani amekwambia jina hilo?

Fundi: Mwenyewe. Hapiti hapa bila kukutaja. Anasema ulianza kuongea kabla ya kutembea, na hujanyamaza hadi leo.

Binti: Hayo tuyaache, dada yangu. Namba yako nimepewa na jirani yake. Anasema jipu likipita mtaani, vioo vya madirisha vinatetemeka. Anasema lile si jipu la kupanda, ni jipu la kwenye mwili, halimpi mtu raha. Mwezi wa nne kabadilisha spika, wa sita kabadilisha tena, sasa nasikia kuna boksi la besi. Mtu wa miaka sabini na moja, besi ya nini?

Fundi: Lipo. Nimelifunga juzi, chini ya kiti cha nyuma.

Binti: Basi lifungue.

Fundi: Mdogo wangu—

Binti: Samahani, nikuulize bila kuzunguka. Wewe ni nani kwake?

Fundi: Nani kwake vipi?

Binti: Unajua ninachouliza.

Fundi: [anacheka] Aa. Hapana. Mimi nina mume, na wivu wake unanitosha, siwezi kubeba mwingine. Baba yako ni mteja wangu. Mteja msumbufu, lakini nampenda kama nilivyompenda baba yangu.

Binti: Kama ni mteja, basi niambie mimi mtoto wake. Mtu anayejaza muziki kwenye gari la wazi ni mtu mwenye furaha, au siyo? Kwangu mimi redio haijawashwa tangu mwezi wa pili. Yeye anakatiza mtaani na ngoma, watu wanatoka milangoni kumtazama.

Fundi: Mwezi wa pili kulikuwa na nini?

Binti: Tuyaache. [mtandao unakwaruza] Unanisikia?

Fundi: Nakusikia. Ngoja nisogee huku nje, ndani mtandao unakatika. Haya. Mdogo wangu, una dakika?

Binti: Ninazo chache.

Fundi: Basi nisikilize kwanza, halafu utanigombeza. Baba yako alikuja mara ya kwanza mwezi huo wa nne. Akasimamisha jipu hapa mlangoni, akaniambia spika zake zimekufa. Nikazisikiliza. Zilikuwa kuukuu, karatasi zake zimekauka kwa jua na vumbi, lakini kufa zilikuwa hazijafa. Nikamwambia, Mzee, gari lisilo paa ndivyo lilivyo, upepo unakula nusu ya sauti na injini inamalizia iliyobaki. Akasema basi tia kubwa. Nikafunga mbili milangoni, mbili juu kwenye vile vyuma vya kukinga vichwa gari likipinduka. Akashukuru, akaenda zake. Mwezi wa sita, huyo amerudi. Analalamika waimbaji wa kike wametoweka kwenye nyimbo.

Binti: Wametowekaje?

Fundi: Hivyo hivyo. Ngoma anazisikia, wanaume anawasikia kwa mbali, lakini wanawake, anasema, wanapanua midomo tu. Nikajua ni zile spika ndogo, zinazotoa sauti nyembamba. Nikazing'oa, nikaweka nyingine. Hakuna. Nikaongeza ampli ya kukuza sauti. Hakuna. Nikafuata waya mmoja mmoja kutoka kwenye redio hadi nyuma, nikiwa nimelala chini ya dashibodi kama fundi bomba, sikuona kasoro. Mimi kazi hii nimeifanya miaka kumi na tisa, nikaanza kujitilia shaka. Siku hiyo nikafanya jambo ambalo hadi leo linanisuta. Alikuwa amekaa kwenye usukani, kafumba macho, kichwa kinakwenda na wimbo. Mimi niko nyuma yake. Nikachomoa waya wa umeme wa redio.

Binti: Ukachomoa.

Fundi: Kukawa kimya, hata kiatu cha mpita njia unakisikia. Yeye akaendelea kutikisa kichwa.

Binti: Akaendelea?

Fundi: Wimbo anaujua kwa moyo. Alikuwa anausikia kichwani mwake.

Binti: Unataka kuniambia nini, dada?

Fundi: Nakwambia baba yako hasikii.

Binti: Si kweli. Mimi nimeongea naye kwa simu.

Fundi: Lini?

Binti: Huo mwezi wa pili. Alipokea, akanijibu.

Fundi: Kujibu atakujibu. Ana maneno yake ya akiba. Sawa sawa. Vizuri, vizuri. Tunamshukuru Mungu. Anayarusha hewani na kuomba yaangukie mahali pake. Ukiwa mbele yake anakutazama mdomo, hutamgundua. Kwenye simu hana mdomo wa kutazama.

Binti: Hapana. Wewe humjui. Baba anaweza kujifanya hasikii akitaka, tangu zamani. Mama alikuwa anamwita mara tatu—

Fundi: Nilimpeleka hospitali mimi mwenyewe, mdogo wangu. Nilifunga duka nusu siku. Daktari wa masikio akampima, akaandika kwenye karatasi kwa herufi kubwa ili asome mwenyewe: mishipa imechoka, sikio la kushoto limekwisha, la kulia limebaki na kidogo. Akaambiwa arudi kupimiwa kifaa cha sikioni. Hajarudi. Kila nikimwambia twende, anasema wiki ijayo.

Binti: Na hukunipigia.

Fundi: Alinikataza. Akasema nikimwambia mtu, atahamia kwa fundi mwingine, na huko watamfungia takataka. Nikamuuliza, unaficha nini, Mzee, kutosikia si wizi. Akaniambia ana mtoto mmoja tu duniani, na huyo mtoto akijua, jambo la kwanza atamnyang'anya funguo za gari, na la pili hatamwamini tena kumwachia mtu wa kumlea.

Binti: Mtu wa kumlea?

Fundi: Ndiyo maana ya besi, sasa. Nikajua sauti haimfikii, lakini mtikisiko unamfikia. Nikafunga lile boksi chini ya kiti. Alipoliwasha mara ya kwanza akaweka kiganja mlangoni, akatulia, halafu akanitazama. Akasema, nimempata mpiga ngoma. Jirani yake ana haki ya kulalamika, simlaumu, lakini mimi nilipoona ule uso sikuweza kumwambia apunguze.

Binti: [mtandao unakwaruza] —dada, umesema wa kumlea nani?

Fundi: Mjukuu, si huyo wako? Leo kaniletea jipu kwa kazi ya mwisho. Zile spika mbili za juu anataka nizihamishie mbele kabisa, zitazame barabara. Nikamwambia, Mzee, nyuma ndiko zinakolia vizuri. Akanionyesha kiti cha mtoto, amekifunga mwenyewe kwa boliti nne, kimekaa imara hata gari lipinduke hakitoki. Akasema mwanangu ana kifaranga, sasa ana miezi saba, wakati wowote ataletwa. Akasema, masikio yangu yamekwisha, ya kwake ni mapya, hayo usiyaguse. Haloo? Mdogo wangu? Upo?

Binti: Nipo.

Fundi: Nilidhani imekata. Nimesema kitu kibaya?

Binti: Dada, hakuna mtoto.

Fundi: Hakuna vipi?

Binti: Alikaa siku mbili. Wa kike. Siku ya nne nikampigia Baba, mimba alikuwa anaijua. Nilikataa mtu mwingine asimpigie, nikasema hii atasikia kwangu. Nikamwambia, Baba, mtoto amefariki. Akasema hongera. Hongera sana, mwanangu, umenifanya babu. Akacheka, dada.

Fundi: Mungu wangu.

Binti: Nikakata simu. Mume wangu akataka kumpigia, nikamzuia. Kabla ya hapo tulikuwa hatuelewani, Baba hakuipenda ndoa yangu, alisema waziwazi. Nikajiambia, sawa, leo amefurahi. Lakini roho ikakataa, nikamwomba yule jirani aende ampe pole, aone atasemaje. Jirani akanipigia jioni. Anasema nimempa pole, kanishika kwa mikono miwili, kasema asante sana, tunamshukuru Mungu. Basi hapo ndipo nilipofunga mlango. Nikaizuia namba yake kwenye simu yangu. Miezi saba.

Fundi: Yeye anasema una mtoto mchanga, mikono yako haina nafasi ya simu. Wala hakulaumu. Anasema na mama yako alikuwa hivyo hivyo ulipozaliwa wewe.

Binti: [analia]

Fundi: Lia tu, mdogo wangu. Mimi nipo.

Binti: Yuko wapi sasa hivi?

Fundi: Yuko hapo kwenye jipu, anajaribu—lo. Ameniona nimeshika simu, anakuja. Nimwambie nini?

Binti: Mwambie ni mimi.

Fundi: Hatakusikia.

Binti: Najua. Mpe tu.

Fundi: [kwa mbali] Mzee. Ni Kasuku. Kasuku, ndiyo. Shika.

Baba: [kwa sauti ya juu] Kasuku. Mwanangu. Uko salama?

Binti: Baba.

Baba: Vizuri, vizuri. Na mimi mzima. Jipu ukiliona hutalijua, huyu mama ana mikono.

Binti: Baba, unanisikia hata kidogo?

Baba: Tunamshukuru Mungu. Kile chumba chako nimekipaka rangi, nyeupe, mbu waonekane.

Binti: Nilikukasirikia bure, Baba. Nilikufungia simu. Nilisema maneno juu yako kwa watu—

Baba: Sawa sawa. Sawa, mwanangu. Na huyo kifaranga, anakaa mwenyewe sasa?

Binti: Baba—

Baba: Anakaa, eh? Vizuri. Wewe ulikaa na miezi sita, na mdomo ukafuata palepale. Haya, nisikumalizie salio. Ongea na fundi.

Fundi: [anapokea] Nimesikia, mdogo wangu. Nimesikia yote. Sijui hata nitazame wapi.

Binti: Yuko karibu yako?

Fundi: Amerudi kwenye gari. Anakaza mkanda wa kile kiti.

Binti: Nilikuwa nafikiri nije Jumamosi, nimwambie uso kwa uso. Jumamosi ni siku nne. Siku nne anakaza mkanda, anakaza mkanda. Una karatasi hapo?

Fundi: Kalamu ninayo. Karatasi ni boksi la spika, ubavu wake ni mweupe. Lakini, mdogo wangu, una hakika? Mimi ni mtu wa waya. Habari kama hii sijawahi kuipeleka.

Binti: Hutaipeleka wewe. Nitaitaja mimi, wewe andika tu. Andika: Baba, mtoto hayupo.

Fundi: Atafikiri yuko kwa bibi yake mwingine.

Binti: Kweli. Futa. Andika: Baba, mtoto alifariki. Alikaa siku mbili. Mwezi wa pili. Nilikupigia kukuambia na hukunisikia, na mimi sikujua kwamba hukunisikia. Umeandika?

Fundi: Polepole... na mimi sikujua... Nimeandika.

Binti: Andika mwisho: Kasuku. Halafu mpelekee, usikate simu.

Fundi: Naenda. [hatua] Nimempa. Amekwenda kuchukua miwani kwenye dashibodi. Anasoma. Anasoma tena. Ameligeuza boksi, ametazama upande wa pili kama kuna kingine. Hakuna.

Binti: Anasemaje?

Fundi: Hasemi. Amezima redio. Amekaa kwenye ngazi ya jipu.

Binti: Kaa naye. Kaa tu karibu yake.

Fundi: Nimekaa. Sasa anauliza... anauliza, ile siku ya simu. Siku aliyokuwa nyuma ya nyumba, anaosha gari. Ndiyo siku hiyo?

Binti: Mtikisie kichwa. Ndiyo.

Fundi: Nimemtikisia. Mdogo wangu, anasema... anasema, nilimwambia hongera.

Binti: Mwandikie hapana, mwandikie hukusikia, Baba, si kosa lako, mwandikie—

Fundi: Anarudia hilo hilo. Nilimwambia mwanangu hongera. Ameshika kichwa kwa mikono miwili.

Binti: Mwandikie nampenda. Mwandikie nilipaswa kuja, ningekuja siku ile ile ningeona, mtu akiwa mbele yake anaona—dada, naambiwa dakika zimeisha, mwandikie mimi ndiye—

[simu inakatika]

Binti: Haloo? Haloo, dada?

Fundi: Ni mimi, nimekupigia na salio langu. Halifiki mbali, nisikilize haraka. Amesimama. Anauliza mlimpa jina.

Binti: Tulimpa. Tulimpa jina la marehemu mama.

Fundi: Ngoja nimwandikie. [anaandika] Sasa ndiyo analia. Afadhali, ule ukimya ulikuwa unanitisha. Sasa anauliza amezikwa wapi.

Binti: Huku. Makaburi ya huku mjini kwetu, upande wa nyuma, penye ukuta.

Fundi: Anataka kuja.

Binti: Jumamosi namfuata mimi.

Fundi: Anataka sasa hivi, mdogo wangu. Ameshafunga boneti.

Binti: Mzuie. Ni saa sita za barabara, malori yote yako njia hiyo, na mtu hasikii honi. Mzuie, dada, nakuomba. Nilishazika mmoja.

Fundi: Namzuia, niko mbele ya gari. Mzee. Mzee. Nipe—[kelele, mtandao unakwaruza]

Binti: Haloo? Kuna nini? Dada?

Fundi: Ngoja kwanza. [anahema] Amenipa funguo.

Binti: Amekupa wewe?

Fundi: Nimemnyooshea mkono nikidhani tutagombana, ameziweka kiganjani mwenyewe. Amezunguka mbele ya gari. Amekaa kiti cha abiria.

Binti: Baba? Kiti cha abiria?

Fundi: Amefunga na mkanda. Boksi la spika ameliweka mapajani, hataki kuliachia. Nafunga duka. Mume wangu nitamweleza njiani, akinuna atanuna.

Binti: Nitakushukuru kwa lipi, dada yangu?

Fundi: Baadaye hayo. Huko tunafikia wapi? Anasema nyumbani hataki kufikia kwanza. Anataka kule penye ukuta.

Binti: Mwandikie nitawasubiri hapo getini. Mwandikie na mimi sijarudi mle ndani tangu siku ile, miguu inakataa. Asiingie bila mimi. Tutaingia wote.

Fundi: Nitamwandikia, nafasi kwenye boksi bado ipo. Haya, chukua kitu cha kujifunika, gari hili halina paa, tutafika vumbi tupu. Tukiondoka sasa saa kumi jioni tu—

Binti: Mwendeshe polepole. Haloo? Dada? Mwendeshe polepole.